Njia ya Msituni kama Hati ya Historia: Matembezi ya Kuongozwa katika Msitu wa Amani, Usambara Mashariki

Utangulizi

Mgeni anayefika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga, hulipa ada yake Zigi, huandika jina katika kitabu cha wageni, kisha hukabidhiwa kwa mwongoza watalii. Kwa saa tatu au nne hutembea chini ya miti mirefu, akioneshwa kinyonga aliyejibana kwenye kijiti, mizizi mipana kama kuta, na maua madogo ya zambarau yanayoota penye miamba yenye unyevu. Anaporudi huamini kuwa ametembelea mahali ambapo mkono wa binadamu haukufika. Insha hii inapinga imani hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba njia ya matembezi ya Amani ni hati ya historia: karibu kila kituo ambapo mwongozaji husimama ni matokeo ya uamuzi wa watu waliojulikana, katika miaka inayojulikana. Aidha, inahojiwa kuwa masimulizi ya mwongozaji ni chanzo cha historia kinachostahili kusomwa kwa heshima na kwa ukali uleule tunaotumia kusoma nyaraka za maktaba.

Data za insha hii zilipatikana uwandani na maskanini. Uwandani, mtafiti alitembea na waongozaji katika njia za Zigi, Mbomole na Kwamkoro. Hakwenda na hojaji. Alikwenda kama mgeni, akasikiliza, na baadaye akaomba ridhaa ya kuuliza zaidi. Maskanini, yaliyosikika yalilinganishwa na maandishi kuhusu taasisi za utafiti zilizokuwapo Amani tangu mwaka 1902. Majina ya waongozaji hayatajwi, kwa kuwa baadhi ya mambo waliyoyasema yanahusu ardhi ya jirani zao.

Zigi: Mlango Uliokuwa Stesheni

Nyumba inayompokea mgeni pale Zigi ilikuwa makazi ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani. Reli nyembamba, yenye urefu wa takriban kilomita 23, ilitoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, hadi Zigi. Ilijengwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 na kampuni ya mbao. Jambo hili ni la msingi katika hoja yetu. Mlango ambao leo humwingiza mtalii kwenye msitu unaolindwa ulifunguliwa ili kuutoa msitu huo nje, gogo kwa gogo. Reli haipo tena, lakini mwinuko ambao mgeni huuanza akiwa na chupa ya maji na kofia ndio uliopandishiwa mizigo ya watafiti na wakulima wa kikoloni kuelekea Amani.

Uvamizi wa mashamba makubwa ulitangulia reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilikata msitu wa Derema kwa ajili ya kahawa. Waliotazama ukubwa wa miti walidhani kuwa udongo unaoistawisha lazima uwe na rutuba tele. Walikosea. Katika msitu wa mvua wa aina hii, ambao hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ya rutuba imo ndani ya mimea yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yanayooza. Miti ikiondolewa, mvua huisafisha ardhi. Kahawa haikutimiza matumaini, na baadaye chai ndiyo iliyotawala vilima hivyo. Mgeni anayepanda Mbomole huona mpaka huo kwa macho: upande mmoja msitu, upande mwingine chai iliyokatwa sawasawa kama zulia.

Bustani ya Majaribio na Majina ya Mimea

Taasisi ya Baiolojia na Kilimo iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya sayansi barani Afrika wakati huo. Mkurugenzi wake wa kwanza, Franz Stuhlmann, alikuwa amewahi kusafiri na Emin Pasha kuelekea maziwa makuu. Mkwinini, mpira, viungo, kafuri na mamia ya mimea kutoka mabara mengine ilipandwa katika vitalu vilivyokatwa ndani ya msitu. Hivyo, sehemu ya kile ambacho mgeni hukiona leo kama mwitu ni bustani ya majaribio iliyoachwa ikakua.

Majaribio mengine yalishindwa kwa namna yenye manufaa. Mpira wa aina ya Manihot glaziovii, jamaa wa karibu wa muhogo, haukuwa na mustakabali wa kibiashara baada ya mashamba ya Asia kutawala soko. Hata hivyo, miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuchavusha na muhogo ili kupata mihogo inayostahimili batobato. Baadaye mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria na kuwa msingi wa aina nyingine bora. Mgeni aliyekula muhogo wa kuchemsha asubuhi hajui kuwa anapita karibu na mahali ambapo sehemu ya historia ya chakula hicho iliandikwa. Ni mwongozaji mmoja tu, kati ya wale ambao mtafiti alitembea nao, aliyeitaja habari hiyo. Alisema aliisikia kwa mzee aliyefanya kazi kituoni.

Suala la majina linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Maua ya zambarau yanayooneshwa kwa mgeni yaliingia katika kumbukumbu za sayansi mwaka 1893, kwa jina la Saintpaulia, kutokana na jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyeyapeleka Ujerumani. Kutoka huko yalienea duniani kama ua la dirishani, na Wajerumani huliita hadi leo urujuani wa Usambara. Msambu, mti ambao mbegu zake hutoa mafuta, huitwa na wataalamu Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya Stuhlmann. Mti mwingine mrefu, unaoitwa musizi nchini Uganda, ni Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin. Kwa hiyo msitu wa Wasambaa na Wabondei, ukisomwa kwa kilatini, ni orodha ya maofisa wa himaya.

Hata hivyo, kumbukumbu za Amani zenyewe zinaonesha kuwa wageni hao hawakuujua msitu peke yao. Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani enzi za Waingereza, alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea iliyoanzia na Kiswahili. Kamusi ya namna hiyo haiandikwi kwa kukaa na majani makavu mezani. Kila jina la Kiswahili lililomo ni jibu la mtu aliyeulizwa: huu mnauitaje? Aliyeuliza amebaki juu ya jalada; waliojibu hawakubaki. Mkusanyo wa mimea iliyokaushwa wa Amani ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Vitu na shajara za Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyefika Amani mwaka 1904, viko mjini Stade, Ujerumani, ambako katika miaka ya karibuni asili ya vitu hivyo imekuwa ikichunguzwa kwa ushirikiano na Watanzania. Maarifa yalitoka njiani, yakaenda mezani, kisha yakavuka mpaka.

Hapa ndipo nafasi ya mwongozaji inapoonekana. Anaposimama, akachuma jani, akalisugua na kumpa mgeni anuse, kisha akataja jina la Kisambaa, la Kiswahili na la kilatini kwa mfululizo, anafanya kazi ileile ya wale waliokuwa wakijibu maswali ya watafiti. Tofauti ni kwamba yeye anasikika. Baadhi ya waongozaji walieleza kuwa walianza kujifunza mimea kwa wazazi au babu walioajiriwa na vituo vya Amani, ama vya kilimo, ama vile vya malaria vilivyofuata kuanzia miaka ya 1950 na baadaye kuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Matembezi ya kuongozwa, basi, hayakubuniwa na utalii. Ni kazi ya zamani iliyopata mteja mpya.

Mti Mgeni na Swali la Lawama

Chanzo kinachoheshimiwa ni chanzo kinachohojiwa. Katika njia ya Kwamkoro kuna miti mirefu ya Maesopsis ambayo wageni hupenda kupigia picha, wakidhani ndiyo mizee wa msitu. Mwongozaji huwasahihisha: mti huu si wa hapa, ulikuja na Wajerumani, na sasa unabana miti ya asili. Sehemu ya maelezo haya ni sahihi. Mti huo ulipandwa Amani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hondohondo na kima hula matunda yake na kusambaza mbegu mbali na mti mama, nao huota kwa kasi penye mwanga.

Lakini mwanga ulitoka wapi? Mti unaopenda uwazi hauwezi kuuteka msitu uliofungamana. Uwazi huo ulipanuka sana wakati wa uvunaji mkubwa wa magogo kwa mitambo katika miaka ya 1960 na 1970, ambapo barabara za kuburutia magogo zilipenya ndani ya Kwamkoro. Isitoshe, Idara ya Misitu yenyewe ilipanda Maesopsis katika sehemu zilizovunwa ili kuziba mapengo. Uvunaji huo ulisitishwa katika miaka ya 1980, baada ya wanasayansi kupiga kelele na tathmini ya msitu kufanyika kwa msaada wa Finland. Kwa hiyo, Mjerumani alileta mche. Dola huru ya Tanzania, pamoja na wafadhili na wenye viwanda vya kupasua mbao, ndiyo iliyoufungulia mlango.

Mtafiti alipolileta jambo hili kwa mwongozaji mmoja, mtu wa makamo, hakulikana. Alijibu kwa upole, akimwita mtafiti mwalimu, kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa waliokata magogo hayo, na kwamba si rahisi kumwambia mgeni habari hiyo kila siku. Jibu hilo lina uzito wa kihistoria kuliko kosa lililotangulia. Linaonesha kuwa lawama kwa mkoloni, ambayo mara nyingi ni ya haki, inaweza pia kutumika kama kivuli cha kupumzikia, ambamo maamuzi ya baada ya uhuru hayaonekani. Mwanahistoria anayerekodi masimulizi bila kuuliza tarehe atakisaidia kivuli hicho kurefuka. Anayeyatupa kwa sababu yamekosea tarehe, naye, atapoteza ushahidi wa jinsi familia moja ilivyoishi ndani ya uharibifu na ndani ya uhifadhi kwa vizazi viwili.

Iliki na Maana ya Neno Asilia

Kituo kigumu kuliko vyote katika matembezi hakina kibao. Katika sehemu kadhaa za msitu mgeni hupita kati ya mashina ya iliki, majani yake marefu yakigusa mabega. Iliki haikuota hapo yenyewe. Hustawi chini ya kivuli, hivyo mkulima wa Usambara Mashariki alisafisha vichaka vya chini, akaacha miti mikubwa, na kupanda zao lililompa fedha taslimu bila kuukata msitu wote. Wahifadhi walieleza, kwa hoja zenye msingi, kuwa kilimo hicho huzuia miche ya miti kuota. Mizee ikianguka, hakuna warithi. Wakulima nao walieleza, kwa hoja zenye msingi pia, kuwa waliilinda miti kwa sababu iliki iliihitaji.

Mwaka 1997 Amani ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya daraja hilo nchini, ikiwa na eneo la zaidi ya hekta 8,000. Baadaye ulifuata mpango wa kuulinda msitu wa Derema ili uunganishe vipande vya misitu, wanyama na mbegu wapate kupita. Mamia ya wakulima wa iliki walitakiwa kuondoka, na suala la fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa kwake, lilizua malalamiko ya muda mrefu. Insha hii haikusudii kutoa hukumu juu ya uamuzi huo. Thamani ya misitu ya Tao la Mashariki kwa viumbe wasiopatikana kwingineko, na kwa maji ya mto Zigi yanayotegemewa na jiji la Tanga, haina ubishi. Linalojadiliwa ni neno.

Neno asilia katika jina la hifadhi lina kazi mbili. Kibaiolojia, linatofautisha msitu huu na shamba la miti ya kupandwa. Kijamii, linatoa maana kwamba aliyekutwa humo na jembe ni mgeni au mvamizi. Maana ya pili haitokani na ya kwanza, lakini huingia nayo bila kubishiwa hodi. Msitu ambao ndani yake kuna reli iliyokufa, bustani ya taasisi, mti ulioletwa kutoka magharibi mwa ziwa Victoria, mapengo ya magogo na mashina ya iliki, hauwezi kumwita mkulima peke yake kuwa ndiye aliyeleta historia.

Fikra za Wasambaa wenyewe zinatusaidia hapa. Steven Feierman, katika utafiti wake kuhusu Usambara, alionesha jinsi watu walivyozungumzia siasa kwa misemo ya kuponya nchi, yaani kuzifya shi, na kuharibu nchi, yaani kubana shi. Mvua, njaa na rutuba havikutenganishwa na namna mamlaka yalivyotumika. Kwa mtazamo huo, kuuliza kama msitu ni wa asili au wa watu ni swali lililokosewa tangu mwanzo. Swali la kufaa ni nani anayeiponya nchi, kwa gharama ya nani, na nani anakubali kuwa imepona.

Mwongozaji mmoja alipita kwenye iliki bila kusema neno. Mtafiti alipomuuliza, alisimama, akaeleza mpaka wa shamba ulipoanzia na ulipoishia, akionesha kwa fimbo mti huu na jiwe lile. Hakuwa na ramani. Halikuwa shamba lake, lilikuwa la shangazi yake. Kisha akaendelea na safari na kumwonesha mtafiti ndege.

Mipaka ya Chanzo Hiki

Ni lazima kukiri udhaifu wa masimulizi ya njiani. Kwanza, huundwa kwa ajili ya anayelipa; mgeni wa kigeni husikia zaidi habari za maua na kinyonga, ilhali mwanafunzi wa Kitanzania huweza kusikia habari za mashamba. Mtafiti mwenyewe, kwa kuuliza kwa Kiswahili na kurudi zaidi ya mara moja, alibadilisha alichosimuliwa. Pili, waongozaji hujifunza kutoka kwa watafiti, hivyo sentensi inayoonekana kuwa mapokeo ya wazee huweza kuwa imetoka katika ripoti ya mradi na kurejea kijijini. Tatu, waongozaji wengi ni wanaume, wakati uokotaji wa kuni, utafutaji wa mboga za mwituni na sehemu ya kazi ya iliki ni maarifa ya wanawake. Njia ya matembezi haipiti mahali wanapopita wao. Utafiti wowote utakaofuata hauna budi kuanza na pengo hili la tatu.

Udhaifu huu haukifuti chanzo. Nyaraka za taasisi ya Wajerumani nazo ziliandikwa kwa ajili ya anayelipa, zilikopa maarifa bila kutaja waliokopwa, na ziliandikwa karibu zote na wanaume. Hatujawahi kuzitupa kwa sababu hiyo. Tumejifunza kuzisoma.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa matembezi ya kuongozwa katika msitu wa Amani hupita juu ya tabaka za historia zinazoonekana kwa macho: uchimbaji wa mbao, sayansi ya himaya, uvunaji wa baada ya uhuru, kilimo cha iliki na uhifadhi wa sasa. Imehojiwa kuwa mwongozaji ni mrithi wa kazi ya kale ya kuutafsiri msitu kwa wageni, kazi ambayo watendaji wake wa mwanzo hawakuandikwa. Imehojiwa pia kuwa masimulizi yake yapimwe kwa tarehe, kama mfano wa Maesopsis ulivyoonesha, na kwamba ukimya wake, kama mfano wa iliki ulivyoonesha, ni sehemu ya ushahidi.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa wanahistoria: masimulizi ya waongozaji yarekodiwe njiani, si ofisini, kwa kuwa mti, jiwe na kijito ndivyo vinavyokumbusha. Waliofanya kazi katika vituo vya Amani kabla ya uhuru wamebaki wachache sana, na watoto wao wanazeeka. La pili ni kwa mamlaka zinazosimamia hifadhi: vibao vya njiani vitaje historia pamoja na spishi. Kibao kimoja kwenye iliki, chenye maneno machache kuhusu waliolima hapo na namna walivyoondoka, hakitaupunguzia msitu hadhi yake. Kitamwondolea mwongozaji mzigo wa kuchagua, kila siku na kwa kila mgeni, kati ya kusema na kunyamaza.